Nyumba Iliyojaa: Futuhi ya Kifamilia na Fumbo la Kuachwa katika Sebule Moja ya Nakuru

Futuhi haijapata heshima kubwa katika uhakiki wa fasihi. Maandishi ya Aristotle kuhusu tanzia yamesomwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Yale ambayo huaminiwa kwamba aliyaandika kuhusu futuhi yalipotea, na yamkini upotevu huo umewapa wahakiki wengi kisingizio cha kupita mbali na mambo ya kuchekesha. Ikiwa futuhi yenyewe ni ya runinga, tena ya kifamilia, tena imetoka Marekani, basi hutajwa tu pale inapolaumiwa: kwamba inawapotosha vijana, kwamba inawafundisha kuwajibu wazazi, kwamba inaingiza utamaduni wa kigeni sebuleni. Lawama hizo zina ukweli wake. Hata hivyo zote hudhania jambo moja ambalo halijathibitishwa, nalo ni kwamba mtazamaji huipokea kazi ya sanaa jinsi ilivyotumwa. Kisa cha wasichana watatu wa Nakuru na kipindi kimoja cha zamani kinaonyesha kwamba mtazamaji anaweza kuichukua kazi ya mbali na kuipa shughuli nyingine kabisa, shughuli ambayo watungaji wake hawakuifikiria.

Kipindi chenyewe ni Full House, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Nyumba Iliyojaa. Kilionyeshwa na kituo cha ABC cha Marekani kuanzia Septemba 1987 hadi Mei 1995, kwa misimu minane. Danny Tanner, mtangazaji wa runinga katika jiji la San Francisco, amefiwa na mkewe katika ajali iliyosababishwa na dereva mlevi. Ameachiwa mabinti watatu, mdogo wao akiwa bado mchanga, naye anawaalika shemeji yake Jesse na rafiki yake Joey waje kuishi naye ili wamsaidie malezi. Kwa hiyo futuhi hii imejengwa juu ya kaburi, jambo ambalo wanaoicheka hulisahau upesi. Binti mkubwa, D.J., ana rafiki wa chanda na pete, Kimmy, mtoto wa jirani ambaye huingia nyumba ya watu kana kwamba ni yake. Kuanzia msimu wa tano ana mpenzi pia, Steve, kijana mwanamieleka ambaye kila aingiapo macho yake huelekea kwenye friji.

Katika msimu wa saba, mwaka 1994, D.J. na Steve wanaachana. Hakuna usaliti. Hakuna mwanamke wa pili wala mzazi mkali. Wanagundua tu kwamba ile raha ya kuwa pamoja imefifia, wanaambiana hivyo kwa upole, na jambo linakwisha. Kwa mhakiki aliyezoea tamthilia zenye migogoro ya kukata na shoka, huu ni mgogoro mnyonge. Lakini unyonge wake ndio uliowafaa wasichana wa Nakuru, angalau kwa jioni mbili za mwanzo.

Kabla ya kuingia Nakuru inafaa kuitazama fani. Mandhari ya futuhi ya aina hii hayabadiliki sana. Ni sebule yenye kuta tatu. Ukuta wa nne umeondolewa ili kamera na hadhira zipate mahali. Utaratibu wa kupiga picha kwa kamera kadhaa mbele ya hadhira iliyoketi ulipata umaarufu kupitia I Love Lucy, iliyoanza mwaka 1951, na vicheko vinavyosikika katika vipindi vya jamii hii ni vya hadhira hiyo au vimeongezwa baadaye kwa mashine. Aliyezoea fasihi simulizi hatashangaa. Kicheko hicho ni ndugu wa ile 'pakawa' inayoitika 'paukwa': ni ishara kwamba mtambaji hayuko peke yake. Kisha, dakika chache kabla ya mwisho, vicheko hukoma. Muziki mwororo huingia. Mzazi hupanda ngazi, hubisha mlango wa chumba cha mtoto, huketi pembeni mwa kitanda na kunena maneno ya busara. Mtoto hujibu, wakakumbatiana, hadhira ikaguna kwa huruma. Full House iliitumia mbinu hii kupita kiasi, hata watazamaji wake waaminifu wakawa wanaitania. Hata hivyo kanuni iliyomo ndani yake si ya kudharauliwa. Katika ulimwengu huo hakuna uchungu unaokosa msikilizaji, kwa sababu nyumba imejaa watu, na aliyejifungia chumbani hataachwa humo kwa zaidi ya nusu saa.

Nyumba ya Nakuru nayo ilikuwa imejaa, lakini kwa namna nyingine. Ilikuwa nyumba ya kupanga katika mtaa wa Section 58, yenye sebule moja na vyumba viwili vya kulala, na katika likizo ya Agosti mwaka 2013 ilikaliwa na watu saba: baba, dereva wa basi la shule, mama, aliyeshinda dukani na kurudi saa mbili za usiku, watoto wanne, na mpwa mmoja aliyekuja kutafuta kazi mjini. Makochi yalifunikwa vitambaa vya kufumwa. Runinga ilikuwapo lakini ilikuwa ya baba, maana yake ni kwamba ilikuwa ya taarifa ya habari. Wasichana walitazama vipindi vyao katika kompyuta ndogo ya kaka mkubwa, ikiwa imewekwa juu ya stuli, na misimu yote minane ya Full House ilikuwa imefika humo kwa njia ambayo vipindi vingi vilifika Nakuru miaka ile: kijana wa duka la filamu alivinakili katika flashi, kwa bei isiyozidi ya sahani ya chipsi.

Walikuwa watatu, wote wa kidato cha tatu. Hapa wataitwa kwa nafasi zao. Mmoja ni mwenye sebule. Wa pili ni aliyeachwa. Wa tatu ni binamu, kwa kuwa mvulana aliyemwacha huyo wa pili alikuwa mtoto wa shangazi yake.

Mapenzi yenyewe yalikuwa ya aina inayojulikana na kila aliyepitia shule za bweni za Kenya. Yalianzia kwenye tamasha la shule, yakaendelezwa kwa barua zilizopitishwa mkono kwa mkono, zenye wino wa rangi mbili na marashi kidogo, kisha kwa simu iliyofichwa wakati wa likizo. Yalidumu mihula mitatu. Yalikatwa kwa ujumbe mfupi wa simu, usiozidi mstari mmoja: kwamba ni heri kila mtu ajishughulishe na masomo yake. Aliyeachwa aliusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko alivyosoma kitabu chochote cha mtihani mwaka ule. Akaanza kuacha chakula. Mama yake akadhani ni malaria, akampeleka kupimwa damu, na majibu yaliporudi kwamba hana ugonjwa akaambiwa na jirani kwamba watoto wa siku hizi wanajinyima chakula ili wakonde.

Nyumba iliyojaa, katika mazingira kama haya, haimpi mtu mahali pa kulia, humnyima. Chumba cha kulala kina watu watatu. Bafu ni la wapangaji wote. Jikoni yupo mama, na mama ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kujua. Hili si suala la wazazi wakatili. Katika jamii nyingi za Bonde la Ufa, kama kwingineko Afrika Mashariki, mazungumzo ya mapenzi hayakuwekwa baina ya mzazi na mtoto. Yaliwekwa kwa nyanya, ambaye anaruhusiwa kumtania mjukuu, kumwita mume au mke mwenza, na ndani ya utani huo kumwambia mambo mazito. Lakini nyanya wa familia nyingi za mjini yuko shambani, Molo au Bahati au Subukia, na anaonekana Krismasi. Nafasi yake imebaki wazi. Mzazi anayeketi pembeni mwa kitanda huko San Francisco anaifanya kazi ambayo huku haikuwa yake, na ndiyo maana wasichana wa Nakuru walipomwona Danny Tanner akibisha mlango wa binti yake walicheka mahali ambapo hadhira ya Marekani ilikuwa inaguna kwa huruma. Baba akubishie mlango akuulize habari za mvulana! Hata mwenye sebule, aliyekuwa na msimamo kwamba wazazi wa Kenya ni washamba, alikiri kwamba angeruka dirishani.

Inafaa kukumbuka pia mahali ambapo runinga ya Kenya yenyewe imeyaweka mapenzi. Katika Vitimbi ya KBC, Mzee Ojwang na Mama Kayai, walioigizwa na Benson Wanjau na Mary Khavere, waligombana na kupatana mbele ya taifa zima kwa miaka mingi. Uchungu wa watu wazima ulikuwa na ruhusa ya kuchekesha. Tahidi High ya Citizen iliwapa vijana nafasi, lakini iliwahamishia shuleni, kwa walimu na madawati, mbali na kochi la mzazi. Uamuzi huo wa mandhari una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ni kama watungaji walikubaliana, bila kuandikiana mkataba, kwamba mapenzi ya kijana wa Kenya yanaweza kuonyeshwa popote isipokuwa nyumbani kwao.

Jioni ya kwanza baba alikuwa sebuleni akisoma gazeti. Hakukuwa na mahali pengine pa kukaa, kwake wala kwa wasichana. Walipofika kwenye kisa cha D.J. na Steve kuachana, aliyeachwa aligeuza uso akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mwenye sebule akasema kwa sauti ya kawaida, akiikazia macho kompyuta:

"Huyu D.J. asikonde. Anafaa kula."

"Hawezi kula," akajibu aliyeachwa, bado akitafuta. "Steve alikuwa anakula kwa niaba ya wote wawili."

Binamu alicheka, na baba akacheka pia nyuma ya gazeti, kwa kuwa maneno yalikuwa yamemchekesha. Kuanzia hapo mlango ulifunguka. Kwa saa nzima wasichana hao walizungumza juu ya kuachwa mbele ya mzazi wa kiume bila kuvunja adabu hata moja. D.J. analala vizuri? Halali. Ameifuta namba ya Steve? Ameifuta, lakini anaijua kwa kichwa. Je, akikutana naye mjini, pale kituo cha matatu, afanye nini? Avuke barabara. Avuke vipi na yeye hana kosa? Basi asivuke, amsalimie kama anavyomsalimia kondakta.

Aliyesoma ushairi wa Kiswahili ataitambua mbinu hii mara moja. Ni kufumba. Ni adabu ileile ya mwanamke wa pwani anayelifikisha neno lake kwa kanga aliyovaa, au ya malenga anayelalamikia jahazi huku akimaanisha mke. Fumbo huwawezesha watu wanaoishi karibu mno kuambiana mambo ambayo ukaribu huo umeyakataza. Wasichana hao hawakuwa wa pwani na Kiswahili chao cha kila siku kilikuwa Sheng'i. Hawakujua kwamba wanafumba. Waliokota tu chombo kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa futuhi ya Kimarekani iliyotangulia kuzaliwa kwao. Wahakiki wanaouliza kama vipindi hivi vinaiua lugha ya mafumbo wangeweza pia kuuliza ni mara ngapi vimekuwa kanga yake.

Lakini fumbo lilikuwa na kasoro, na mmoja kati ya watatu alikuwa akiijua tangu mwanzo.

Mwishoni mwa Januari 2008, vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipofika mjini Nakuru, wasichana hawa walikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na maelfu wakahamia kwenye kambi ya Uwanja wa Maonyesho. Familia ya shangazi, mama yake mvulana, ilipoteza nyumba na karibu kila kilichokuwamo. Kwa hesabu ambayo watu wa Bonde la Ufa waliifanya wakati ule bila kutaka, familia ya aliyeachwa ilikuwa ya jamii ya upande wa pili. Haikumchomea mtu nyumba. Ilijifungia ndani siku nne ikiwa na hofu ileile. Kufikia Machi 2013 viongozi wakuu wa jamii hizo mbili walikuwa wameungana na kushinda uchaguzi pamoja, na amani ikaimbwa kwenye majukwaa. Sebuleni mambo hukawia. Katika likizo ya Aprili shangazi aliiona barua moja, akasoma jina la ukoo nyuma ya bahasha, na hakugomba. Alimwambia mwanawe kwamba kuna nyumba ambazo yeye hawezi kunywa chai, na kwamba mwanawe asimfanye achague. Binamu alikuwa jikoni akimenya viazi. Aliyasikia yote, na alikuwa ameyabeba tangu siku ile.

Kwa hiyo, jioni ya kwanza, wenzake walipokuwa wakikubaliana kwamba Steve na D.J. walichoka tu, kwamba mambo haya hutokea, kwamba hakuna mwenye kosa, binamu alikuwa akitazama maelezo ya uongo yakigeuka kuwa dawa. Aliyeachwa alikunywa chai usiku ule akala na mkate. Unyonge wa mgogoro wa mwaka 1994, ule ambao mhakiki angeudharau, ulimpa mtoto huyo namna ya kuachwa bila kukataliwa. Raha ilififia, basi. Je, rafiki mwema angeivunja dawa hiyo? Hili ndilo swali zito katika kisa hiki kizima, na Full House haina jibu lake, kwa sababu katika nyumba ya akina Tanner hakuna historia inayozidi ile ya familia yenyewe. Mji wa San Francisco huonekana katika picha za mwanzo, ukipendeza, kisha mlango hufungwa na mji hausikiki tena. Huo ndio udhaifu mkubwa wa futuhi hiyo, mkubwa kuliko muziki wake mwororo. Nyumba imejaa watu, lakini haina mtaa.

Jioni ya pili waliirudia sehemu ileile. Aliyeachwa ndiye aliyeomba. Ilipofika pale wapenzi wanapoambiana kwa upole, binamu alisema, kwa sauti ambayo haikuwa ya mzaha:

"Na kama ni mama yake Steve aliyemwambia amwache?"

Hakuna aliyejibu. Vicheko vya mashine viliendelea, kwa kuwa mashine haijui. Mwenye sebule alisema kwamba mama yake Steve hayumo kwenye kisa hiki. Binamu akasema, "Najua. Nauliza tu. Kama yumo. Kama alisoma jina lake, akaona ni la watu fulani."

Baba alilikunja gazeti. Alikuwa mtu wa maneno machache, na huenda alikuwa amelitambua fumbo tangu jana, huenda aliling'amua wakati ule; hakuwahi kusema. Aliomba mashine izimwe. Kisha, badala ya kuuliza lolote, alisimulia habari za jumba la Ngata.

Jumba hilo linajulikana na kila mtoto wa shule wa Nakuru, kwa sababu safari za shule huishia huko zisipoishia ziwani kwa flamingo. Lilijengwa na Maurice Egerton, bwana mkubwa wa Kiingereza ambaye shule yake ya kilimo huko Njoro, iliyoanzishwa mwaka 1939, ndiyo iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Egerton. Ujenzi ulianza mwaka 1938, ukasimamishwa na vita, ukamalizika mwaka 1954. Lina vyumba 52. Husimuliwa, na wasimulizi huongeza chumvi kila mmoja kwa kadiri yake, kwamba bwana huyo alimpenda mwanamke aliyeidharau nyumba yake ya kwanza akaifananisha na kizimba cha kuku. Kwamba alimjengea jumba. Kwamba mwanamke alilikataa na jumba pia. Na kwamba tangu hapo bwana alipiga marufuku wanawake kukanyaga ardhi yake. Alikufa mwaka 1958, baada ya kulikalia jumba lililokamilika kwa miaka minne. Siku hizi maharusi hukodi bustani yake kwa kupiga picha, kejeli ambayo haikuhitaji mtunzi.

Baba alikuwa amewapeleka wanafunzi huko kwa basi mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu, naye alikuwa akimsikiliza mwongozaji kutoka nje, akiwa ameegemea gurudumu. Alisema kuna jambo ambalo mwongozaji hakuwahi kulitaja.

"Vyumba hamsini na viwili," alisema, "na hakuna hata kimoja alichokaa na mtu akamwambia, bwana, wewe lia tu. Hakuwa na yule wenu wa kuingia bila hodi. Ndiyo maana akaendelea kujenga."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema jambo la pili, akimtazama binamu peke yake. "Na huyo Steve wenu, kama ni hivyo unavyosema, basi ana mzigo. Mwenye mzigo hasemi mengi. Huandika mstari mmoja."

Halafu aliinuka. Alisema kuna gurudumu la basi analotaka kuliangalia, ingawa basi lilikuwa limefungiwa shuleni tangu Ijumaa. Akamwita mpwa, akawaita watoto wadogo wawili, akawaambia wamfuate, na nyumba ya watu saba ikabaki na wasichana watatu.

Tofauti ya fani iko hapa, nayo ni kubwa kuliko tofauti ya lugha au ya nchi. Katika futuhi ya akina Tanner upendo wa mzazi huonyeshwa kwa kuingia: baba hupanda ngazi, hubisha, huketi. Katika sebule ya Section 58 upendo wa mzazi ulionyeshwa kwa kutoka. Danny huleta maneno mahali penye nafasi. Baba huyu aliyaweka maneno yake mahali pasipo nafasi, kisha akatengeneza nafasi kwa kuondoa mwili wake na miili mingine mitatu. Kamera ya Marekani isingejua la kufanya na tukio hilo. Ingeonyesha mlango unaofungwa, na hadhira ingedhani baba amekasirika.

Aliyeachwa alilia kwa muda mrefu, kwa sauti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujumbe ulipofika. Mwenye sebule alipandisha sauti ya redio kwa ajili ya majirani. Binamu hakulia. Alisema kila alichokisikia jikoni kwa shangazi, pamoja na habari ya chai, akasema pia kwamba yeye mwenyewe alikuwa amenywa chai nyumbani kwao aliyeachwa tangu darasa la nne na kwamba ataendelea kuinywa, na shangazi akijua na ajue. Aliyeachwa alimuuliza kwa nini alinyamaza miezi minne. Swali hilo lilikaa sebuleni muda mrefu kuliko kilio. Binamu alijibu kwamba aliogopa asije akaonekana anamtetea ndugu yake, au anamsengenya mama yake; na kwamba aliona wenzake wamepata hadithi nzuri zaidi kwenye kompyuta. Aliyeachwa hakumsamehe usiku ule. Alimwambia tu akae pale alipokaa.

Walimaliza misimu yote kabla ya shule kufunguliwa. Katika sehemu ya mwisho kabisa, iliyoonyeshwa Marekani Mei 1995, D.J. hana wa kwenda naye kwenye dansi ya shule. Mlango unafunguliwa, na aliyesimama pale ni Steve. Kimmy ndiye aliyempangia. Ni kilele kinachoeleweka: katika fani hii kazi ya rafiki ni kumrudisha aliyekwenda, na mwisho ni mwisho tu ikiwa kila kiti kina mtu. Watungaji hawakutosheka hata na hapo. Katika mwendelezo ulioitwa Fuller House, ulioonyeshwa na Netflix kuanzia mwaka 2016, walimrudisha Steve tena, na mwaka 2020 wakawafungisha ndoa, miaka 26 baada ya kuwaachanisha. Hapana budi kusema kwamba huo ni woga. Kuachana kwa mwaka 1994 kulikuwa ndicho kitendo cha kikubwa kuliko vyote walivyowahi kuwapa vijana hao, na walitumia robo karne kukifuta.

Mlango wa San Francisco ulipofunguka na Steve kuonekana, mwenye sebule alipiga makofi. Binamu alimtazama aliyeachwa. Alikuwa na uwezo wa kuwa Kimmy. Mvulana alikuwa Lanet, safari ya matatu moja, na alikuwa ameuliza habari za msichana mara mbili.

"Usimlete," alisema aliyeachwa, bila kuondoa macho kwenye kompyuta.

"Sikusema kitu."

"Najua. Usimlete. Wewe njoo Jumapili, mama anapika chapati."

Nje ya mlango baba alikuwa amerudi kutoka kwa fundi viatu. Angeweza kuingia, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake na kodi alikuwa ameilipa. Alikohoa, akasubiri, kisha akabisha hodi.